Dirisha la Jikoni

Kwa miaka mingi nilikuwa hodari wa maazimio. Katika ibada ya kufunga mwaka, mchungaji alipoalika watu waseme wanachokusudia, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kusimama. Mwaka ujao nitapunguza hasira. Mwaka ujao nitapanda miti kando ya mto. Mke wangu, upande wa akina mama, aliitikia amina kwa sauti ya kusikika, na kufikia mwezi wa pili tulikuwa tumesahau. Au mimi nilikuwa nimesahau. Yeye, nimekuja kujua, hasahau kitu.

Desemba iliyopita aliteleza akitoka shambani, akateguka kifundo cha mguu. Watoto wetu wako mbali, wangefika baada ya Mwaka Mpya, kwa hiyo ikabidi nipike. Huku Kakamega mzee wa rika langu hana shughuli jikoni. Jiko letu, kile kibanda cha udongo kilicho nyuma ya nyumba, nilikijenga mwenyewe, lakini sikumbuki kuketi humo hata kwa muda wa kuchemsha yai.

Nikawasha kuni, nikateleka maji ya obusuma. Hayajachemka, machozi yakaanza kunitiririka. Ule ugali niliusonga nimefumba macho, kisha nikatoka mbio na mwiko mkononi. Mke wangu alikuwa uani, mguu juu ya kigoda, akacheka hadi akajishika mbavu. Jirani aliyekuwa akipita akamwuliza kama mzee amefiwa.

Nilipopata pumzi nikamwuliza, "Miaka yote hii umekuwa ukipika ndani ya moshi huu?"

"Nilikuambia tulipokuwa tunajenga," akasema.

Ni kweli, aliniambia. Aliomba dirisha. Nami nikamjibu, mbele ya watu waliokuja kutusaidia kukandika, kwamba dirisha la jikoni ni la mwanamke anayetaka kuchungulia wapita njia. Watu wakacheka. Hakuomba tena. Kikohozi chake cha asubuhi nilikizoea kama mtu anavyozoea jogoo wake, nisijiulize kinatoka wapi. Ningeweza kusema mila ndiyo iliyoniweka mbali na jiko, lakini maneno yale niliyatamka mimi, na kuta zile nilizisimamisha mimi.

Siku ile nusura niseme: mwaka ujao nitakutobolea dirisha. Nikamtazama, nikaona kama ameshaweka amina yake tayari. Mwaka ulikuwa umebakiza siku chache.

Kesho yake nikachukua panga na msumeno. Nilitaka kutoboa upande wa migomba, penye udongo laini. Akaja akichechemea na fimbo yake, akakataa. Akagonga ukuta unaotazamana na baraza, pale kinapokaa kiti changu.

"Toboa hapa, Mzee."

"Kwa nini hapa?"

"Nione ukikaa bure."

Kazi ilinichukua siku mbili. Ukuta ulikuwa mnene kuliko nilivyokumbuka. Nilikuwa nimeujenga vizuri, kwa bahati mbaya. Vipande vya udongo vilianguka vikiwa vyeusi kwa masizi, na katikati, kati ya fito, nikakuta alama za vidole vyangu vya ujana. Fremu niliitoa kwenye mbao za kitanda kikuukuu. Kingo alizisiriba yeye mwenyewe, akiwa ameketi, huku akinieleza kwamba upande mmoja umekwenda juu. Ulikuwa umekwenda juu kweli. Nilikata upya, na sijui ni lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo kukosolewa.

Kanisani, mchungaji alipofika kwenye maazimio, alinitazama akisubiri. Mimi nikabaki nimeketi. Mke wangu aligeuka, akanicheka kwa macho.

Asubuhi ya Mwaka Mpya, mke wangu akiwa amerudi jikoni na fimbo yake, nilikaa barazani kuitazama kazi yangu. Moshi ulitoka dirishani kwa mkupuo mmoja, ukavuka ua, ukaja moja kwa moja usoni pangu. Nikakohoa. Nikahamisha kiti, ukanifuata.

Kichwa chake kikatokeza dirishani, kitambaa kichwani, uso mkavu bila chozi hata moja. Mkononi alikuwa na ungo wa mboga ya mrenda ambayo haijachambuliwa.

"Lete kiti chako huku ndani," akasema. "Moshi sasa unakaa huko nje."

Nikabeba kiti.