Siku Shemeji Alipopakiwa Kwenye Lori

Mdogo wangu wa kiume aliniibia punda kwa kidole changu mwenyewe. Hakuvunja mlango wala hakukata kamba. Alikuja mchana kweupe na karatasi na kidau cha wino, akanishika gumba, akaligandamiza, kisha akanifuta kwa kitambaa chake kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Nami nikamkaribisha chai. Hilo la chai ndilo linaloniuma mpaka leo.

Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni. Baba alipofariki, mama aliamua mtoto mmoja asome na mwingine achote maji. Yeye akapewa begi, mimi nikapewa ndoo. Asubuhi tulitoka pamoja mpaka njia panda, yeye akakata kulia kwenda shule, mimi kushoto kwenda bombani. Jioni alinionyesha herufi kwenye daftari lake na kunicheka nikikosea, nami nilicheka naye kwa sababu nilimpenda. Nimechota maji miaka thelathini na mitatu. Nywele za utosini ziliacha kuota zamani, ndiyo maana hunioni bila kitambaa.

Mume alikuwepo, akaondoka. Hana nafasi katika habari hii. Alipoondoka nikanunua punda: wa kijivu, mstari mweusi mgongoni, sikio la kushoto limekatika ncha. Mdogo wangu alipomkuta uani alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Dada, kumbe umeolewa tena na hukutualika? Shikamoo, shemeji."

Jina likanata. Mtaa mzima ukamwita Shemeji, ingawa ni jike, na kila mwenye macho anaona kuwa ni jike. Hata mimi nikazoea. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini Shemeji hakuwahi kunipiga hata moja. Mateke yangu yote nimeyapata kwa wenye miguu miwili.

Sasa kuna mtu mmoja sharti nimtambulishe, kwa kuwa bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Ni afisa mifugo wetu. Sisi wachota maji tulimwita Bwana Kidonda. Alikuwa akifika bombani hasalimii kwanza, anafunua tandiko. Akikuta kidonda mgongoni mwa punda, siku hiyo punda wako hafanyi kazi, ulie usilie. Halafu anatusomea sheria kutoka kwenye kijitabu chake: madumu manne, yasizidi; waya hapana, fimbo yenye msumari hapana; mchana mnyama apate maji na kivuli. Tulimchukia kuliko jua la saa saba.

Siku moja nilimwambia mbele ya watu yote yaliyokuwa moyoni. Nilimwambia mimi nimebeba ndoo nikiwa na mimba mpaka mimba ikatoka, palepale bombani, na hakuna afisa aliyekuja kunifunua kitambaa kuangalia utosi wangu. Nilidhani atanitukana. Akafunga kijitabu chake.

"Sheria hiyo ilipaswa kuwepo, mama," alisema. "Haikuwepo. Hii ipo. Tuanze na iliyopo."

Kisha akampapasa Shemeji tumbo, polepole, huku amefumba macho. Akasema huyu ana mimba ya miezi minane, na punda hubeba mwaka mzima. Kuanzia siku hiyo asibebe hata dumu moja. Akaandika kwenye daftari lake na kunipa kadi. Nilirudi nyumbani nimenuna, lakini nilitii. Nikaazima mkokoteni nikauvuta mwenyewe. Majirani walicheka mpaka wakachoka: punda amepumzika kivulini, mwenye punda yuko kwenye hatamu.

Mdogo wangu alipita pale mara kwa mara na kumwona Shemeji amesimama, anakula, tumbo linatanuka. Akaniambia Shemeji amenenepa bure. Sikumwambia kitu. Nani hutangaza mimba? Hata ya punda, haitangazwi.

Miezi miwili baadaye ndipo alipokuja na ile karatasi. Alisema ofisi inaandikisha punda wote kwa ajili ya chanjo, naye amenichukulia fomu ili nisipoteze siku kwenye foleni. Nilimshukuru. Nilimwambia Mungu ambariki.

Siku ya tatu nilirudi kutoka bombani saa nne asubuhi. Shemeji hayupo. Kamba yake imekunjwa vizuri na kutundikwa msumarini, na hapo nikajua, maana mwizi wa kawaida hakunji kamba. Jirani yangu, fundi cherehani, alisimamisha mashine akaniambia mdogo wangu amempeleka punda kwenye chanjo.

Lakini chanjo huletwa na Bwana Kidonda mwenyewe, bombani, na sanduku lake la barafu. Kitu pekee kinachokusanya punda mtaani kwetu ni lori la machinjioni, linalopakia mara moja kwa wiki kwenye yadi nyuma ya wauza vyuma chakavu.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilinivuka, sikurudi kukiokota. Nilipofika yadi, lori lilikuwa limeshasheheni nusu, punda wamebanana vichwa juu kama watu waliofikwa na maji shingoni. Shemeji alikuwa bado chini, wa tano kwenye mstari. Nikamwita. Akainua lile sikio lake bovu, akalia, akalia mpaka wengine nao wakamwitikia.

Mnunuzi wa punda, mwenye lile lori, alikuwa mtu mpole, ndilo jambo lililonitisha zaidi. Hakupiga kelele. Alitoa karatasi mfukoni akanionyesha alama ya gumba chini kabisa, akasema hapa imeandikwa kwamba nimemuuza punda wangu kwa hiari yangu.

"Kidole hiki si chako, mama?"

Nilikitazama. Kilikuwa changu, pamoja na kovu langu la kisu. Nikasema ni changu.

"Basi," alisema, na kumwambia dereva wataondoka saa nane.

Nilikwenda kituo cha polisi. Askari wa kaunta alinisikiliza huku akinoa penseli. Akasema karatasi ni karatasi, na mambo ya ndugu humalizwa nyumbani. Nilisema punda ni wangu, nikarudia ni wangu, ni wangu, mpaka akaniomba nipishe watu wenye shida.

Nilikaa kwenye ngazi za kituo na kiatu changu kimoja. Ilikuwa saa sita na nusu. Na pale, wallahi, kichwa changu ambacho watu walisema ni cha kubebea ndoo tu kilifanya kazi kuliko kilivyowahi kufanya. Nilikuwa nimeshika upande usiofaa wa jambo. Asubuhi nzima nilikuwa nadai haki yangu, na haki yangu ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri na gumba langu. Lakini Shemeji alikuwa na haki yake mwenyewe. Yake hakuna aliyeitilia kidole.

Nikakimbia tena, safari hii kwenda ofisi ya mifugo. Bwana Kidonda alikuwa anakunywa chai. Sikumwambia nimeibiwa. Nilisema, "Punda mwenye mimba ya miezi kumi anapakiwa lori la machinjioni, na ana kadi yako."

Hakuuliza ni wa nani. Aliacha kikombe kikifuka moshi, akachukua daftari, kijitabu, glavu na funguo za pikipiki.

Sikuwahi kupanda pikipiki maishani. Nilimshika kiuno mtu niliyemchukia miaka mitano, nikafumba macho, nikafumbua, nikaona mtaa wetu unapita mbio kuliko nilivyowahi kuuona. Fundi cherehani alisimama mlangoni na kunipungia kitambaa alichokuwa anashona. Moyo ulikuwa unadunda mpaka nikaogopa Bwana Kidonda atausikia mgongoni kwake.

Lori lilikuwa langoni, injini inanguruma, mlango wa nyuma umefungwa mnyororo. Bwana Kidonda aliisimamisha pikipiki katikati ya lango akaizima. Dereva akapiga honi. Yeye akafungua kijitabu chake kama yuko bombani, akasoma kwa sauti: mnyama jike aliyevuka theluthi mbili za mimba hasafirishwi wala hachinjwi, awe wa nani, awe ameuzwa na nani, na afisa anaweza kulisimamisha gari lolote kumkagua.

Mnunuzi akaja na karatasi yake. Alisema ananunua kihalali.

"Sijauliza umemnunua kwa nani," Bwana Kidonda alimwambia. "Nimeuliza yeye ana hali gani."

Shemeji akateremshwa. Bwana Kidonda aliomba ile karatasi, na kabla ya kuvaa glavu akaisoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari, kama ilivyo desturi yake. Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kile ambacho gumba langu lilikuwa limekubali: kwamba mimi, mwenye alama hapa chini, nimemuuza punda dume mmoja, wa kijivu, aitwaye Shemeji.

Akasimama. Akainama. Akachungulia. Wapakiaji nao wakainama.

"Dume hili lina maziwa," dereva alisema kutoka dirishani, na yadi nzima ikaangua kicheko.

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka saba mdogo wangu alimwita mnyama yule shemeji, na siku zote hizo hakuinama hata mara moja. Hakumlisha, hakumsugua, hakumtoa kupe. Msomi wetu aliamini utani wake mwenyewe akauandika kwenye hati. Mnunuzi naye alikuwa ameangalia kidole tu. Basi dume lile la kwenye karatasi aende akalitafute, kwa sababu yule aliyesimama mbele yetu hakuwa ameuzwa na mtu yeyote.

Bwana Kidonda aliuchukua mkono wangu akauweka ubavuni mwa Shemeji, chini, nyuma ya mbavu. Tukangoja. Kitu kikanigonga kiganjani, kidogo, kwa nguvu. Hilo ndilo teke la kwanza nililowahi kupata kwa punda, na nililia hadharani mbele ya wapakiaji, wala sikuona haya. Lori zima lilishushwa siku ile. Walikutwa wengine wawili wenye mimba na mmoja aliyevunjika mguu. Mimi nilirudi nyumbani kwa miguu, Shemeji nyuma yangu bila kamba.

Mtoto alizaliwa wiki ya saba baada ya hapo, jike kama mama yake. Mtaa umempa jina la Mpwa. Mdogo wangu akikatiza sokoni wanamwuliza Mpwa anaendeleaje, na lini mjomba atakwenda kumwona. Siku hizi anapitia njia ya nyuma.

Mnunuzi alifikishwa mahakamani na kuhukumiwa kwa kuwasafirisha wanyama vibaya. Shemeji alipata haki yake yote. Yangu ndiyo inayosubiri. Nilirudi kituoni nikamfungulia mdogo wangu kesi ya wizi, na ile karatasi ikawekwa kwenye jalada kuwa ushahidi. Mdogo wangu alimwambia mama kwamba niliuza, nikajuta, nikamsingizia, na mama akaniomba nifute kesi kwa kuwa mwenzangu amesoma, ana jina la kulinda. Nilimwuliza, na mimi nina nini, mama? Akaomba maji ya kunywa. Nikampa.

Sifuti. Ninachomdai mdogo wangu si punda. Punda nilimfuata mwenyewe. Namdai aje uani, mama akiwa amekaa kitini pake, aseme: dada hakuuza, mimi niliiba. Ni maneno manne. Amekaa shuleni miaka kumi na miwili na bado yanamshinda, wakati mimi, niliyeanza darasa la watu wazima mwaka huu, nimeweza kuyaandika hapa kwa mkono wangu.

Na yule askari wa kaunta naye anadaiwa. Ile karatasi bado iko kwenye jalada lake, na kila nikienda anasema uchunguzi unaendelea. Mpaka aitoe na kuifuta mbele yangu, gumba langu liko kule linasema uongo, naye ndiye anayelishikilia.