Siku wabunge wetu walipofunguliwa boneti: Buyenzi, Bujumbura, miaka ya embargo

Wakuu, heshima kwenu.

Leo nimesoma humu watu wakilalamika kuhusu bunge la nchi yao, nikacheka peke yangu. Nikasema ngoja na mimi nitoe ya kwetu. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, mikono ina grisi. Anayeona ni chai, aongeze sukari anywe.

Majina nimeyabadili au nimeyaacha. Wengine bado wapo hai na watoto wao wana simu.

Mimi ni fundi magari, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Kwa msiopajua: ni mtaa wa Waswahili, misikiti, gereji na maduka ya pièces, yaani spea. Ukiingia na gari linalokohoa, unatoka linaimba. Ukiliacha bila kulifunga, unatoka kwa miguu. Tusifichane.

Ilikuwa miaka ya vita. Mchana tunafanya kazi, milimani risasi zinaitikiana. Juu ya hapo nchi jirani zikatuwekea embargo, mipaka ikafungwa. Mafuta hakuna. Spea mpya ukiiuliza unaonekana mgonjwa.

Sasa mji mzima ulikuwa unatembea kwa kitu gani?

Kwa Mama Zulfa.

Huyu alikuwa mjane wa makamo, ana duka mkabala na gereji yangu. Ndani ya lile duka kulikuwa na tumbo la kila gari lililowahi kufia Burundi. Gari likipinduka Bugarama, wiki hiyo hiyo giaboksi yake iko kwa Mama Zulfa, imeoshwa, imefunikwa kitenge. Na ukimwambia "nataka alternator ya aina fulani" hakupepesa macho. Aliingia gizani, akatoka nayo.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mbunge mmoja. Tumwite Mheshimiwa. Anakaa Mutanga Nord, mtaa wa wakubwa kule mlimani, ana Peugeot nyeupe inayong'aa. Nje, wakuu. Ndani mule moteri, yaani injini, ilitoka kwenye teksi iliyogonga ukuta, rejeta ilitoka kwenye pikapu, na bomba la maji nimelifunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Vyote kutoka kwa Mama Zulfa. Kazi ya mikono yangu.

Siku moja tukasikia kwenye redio kwamba bunge limeletewa mswada. Kila spea iliyotumika lazima iwe na cheti cha ilikotoka. Isiyo na cheti inachukuliwa, na duka linafungwa. Sababu: usalama wa raia.

Na aliyeuleta huo mswada ni nani?

Mheshimiwa.

Mama Zulfa alizima redio. Akaniuliza, "Yasini, we unisaidie. Cheti cha wapi? Gari imekufa, mwenyewe amekimbia inchi, nimufuate Kongo anisainie?"

Tukaamua kwenda kusikiliza wenyewe. Bungeni kulikuwa na viti vya raia kule nyuma, unaingia ukikaguliwa na kuapa kwamba utanyamaza. Mama Zulfa alivaa vitenge vya harusi, akajifukiza udi. Alidhani anakwenda mahali pa maana.

Wakuu, nilichokiona mule.

Kwanza wakajadili matumizi. Kulikuwa na fungu la magari mapya ya wabunge. Mmoja akasimama akasema hadhi ya taifa haiwezi kushuka kwenye gari bovu mbele ya wageni. Wageni gani, na tumefungiwa mipaka? Hakuna aliyeuliza. Mikono juu, limepita. Nilikuwa hata sijakaa vizuri.

Kisha ukaja mswada wetu. Hapo ndipo wakakumbuka kwamba wao ni wasomi.

Siku tatu! Siku tatu walibishana kama sheria iandikwe pièces "usagées" au pièces "d'occasion". Kifaransa tu, na yote mawili maana yake ni zilizotumika. Mmoja alileta kamusi. Mwingine akasema kamusi ya mwenzake ni ya zamani. Mzee mmoja aliamka usingizini akaunga mkono, halafu akauliza anaunga mkono nini.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, milio mikubwa ikasikika upande wa Kinama na Carama. Vioo vikatetemeka. Kule Carama ndiko ilikokuwa nyumba ya Deo, fundi wangu wa umeme, mwenye watoto wanne. Nikajikuta nahesabu milio.

Spika akarekebisha miwani. "Tuendelee. Kifungu cha tatu."

Wakaendelea. Usagées. D'occasion.

(Deo alikuwa mzima, wasiwasi wenu upungue. Nyumba ndiyo haikuwa nzima. Akahamia kwangu na familia yake yote.)

Siku ya tatu kuna wabunge walioona aibu, wakaomba mswada upelekwe kwanza kwenye kamati, na wataalamu waitwe. Kesho yake Mheshimiwa akaja gereji, hakushuka garini.

"Yasini, mi ndiye nimekupendekeza. We ndiye mutaalamu wa gereji."

Nikashukuru.

"Utasema kitu kimoja tu. Pièces za zamani zinaua watu. Basi. Hayo magari mapya yakifika, yatataka mutu wa kuyatunza. Mi nitakutaja we."

Akapandisha kioo.

Hapa nitawaambia ukweli hata kama unanivua nguo. Sikukataa. Nilikaa siku mbili na lile neno tumboni. Nilikuwa na watu kumi na moja ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Nilijiona nimevaa ovaroli safi, nina ofisi. Mama Zulfa aliniletea chai kila asubuhi kama kawaida yake, nami nikawa nainywa huku nimeangalia chini.

Siku ya kamati aliniambia tu, "Mutoto wangu, sema vile unajua." Hakujua kwamba nimeshawekewa maneno mdomoni. Au labda alijua. Hadi leo sina hakika.

Kamati ilikuwa na wabunge tisa. Mwenyekiti alikuwa mwanamke, zamani mwalimu, anayekutazama kama umechelewa darasani. Mheshimiwa amekaa kushoto kwake, anatabasamu.

"Fundi, pièces za zamani ni hatari?"

"Inategemea, Madame."

Tabasamu la Mheshimiwa likapungua kidogo. Madame akaegemea mbele.

"We mwenyewe unaweza kupanda gari yenye moteri ya zamani?"

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kusema apana. Naapa. Neno lilikuwa mlangoni. Lakini nikamwangalia yule Mheshimiwa anavyonitikisia kichwa taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, nikalifungia lile neno ndani.

Nikasema, "Madame, hata leo asubuhi nyinyi wote mumekuja nazo."

Madame akaweka kalamu chini.

"Nyinyi nani?"

Kipindi kile kutaja jina la mkubwa kulikuwa na malipo yake, na aliyelipwa hakurudi kusimulia. Nikasema, "Mi sitaji mutu. Magari yako nje pale. Yafunguliwe tu."

Mheshimiwa akasema hiyo ni kupotezea kamati muda. Madame akamjibu, "Tumepoteza siku tatu kwa kamusi. Dakika kumi hazituui." Akainuka.

Tukashuka wote hadi kwenye maegesho. Madereva walituona tunakuja wakatupa sigara.

Gari la kwanza Madame alitaka liwe lake. Nikafungua boneti. Nikamwonyesha dinamo: hii ni ya Buyenzi. Akaguna. La pili, klachi na starter. Mwenyewe akaapa kwamba dereva wake ndiye aliyebadilisha bila kumwambia, na dereva akaapa kwamba alitumwa.

La tatu, Peugeot nyeupe.

Dereva akasema ufunguo umepotea. Madame akamtazama. Ufunguo ukapatikana.

Boneti ikafunguka, na pale katikati, mbele ya kamati nzima, ukanda wangu wa baiskeli. Umefungwa mara sita, na fundo kubwa juu.

Mbunge mmoja akauliza kwa upole, "Mheshimiwa, we unatembelea gari ama baiskeli?"

Wakacheka hadi Madame akavua miwani. Mheshimiwa akasema, "Ile ni ya muda tu." Hakunitazama wakati ule. Alinitazama baadaye, nilipokuwa natoka getini, na lile jicho nalikumbuka. Wiki nzima nililala kwa shemeji yangu.

Lakini mtaani? Nilipokewa kama mpira wa adhabu umeingia. Mama Zulfa alinikumbatia mbele ya watu na grisi yangu yote. Tukasema mswada umekufa. Nani atapitisha sheria ya kukamata gari lake mwenyewe?

Siku ya kura tukajaa kule nyuma, Buyenzi nzima. Madame akasimama, sauti safi ya darasani. Akasema kamati imetembelea, imejionea, imeguswa. Hivyo kamati imeongeza kifungu kipya.

Mama Zulfa akanishika mkono.

Kifungu kipya: sheria hii haitahusu magari ya wabunge wala ya viongozi wengine wa nchi.

Makofi.

Mikono juu. Na wa Madame pia, tena ulikuwa kati ya ile ya mwanzo.

Mama Zulfa alicheka. Siyo kicheko cha kujificha, alicheka kwa sauti hadi wabunge wakageuka. Askari akamjia. Akamwambia, "Usinisukume, niko natoka. Naogopa nikikaa mutanisamehe na mi kama mulivyojisamehe."

Wiki mbili baadaye wakaguzi wakaja na lori. Walibeba asubuhi hadi adhuhuri. Giaboksi, rejeta, taa, vyote. Hakulia. Alisimama barabarani akiwaambia, "Hiyo shikeni kwa chini, itavunjika." Kisha wakapiga kufuli mlangoni. Alianza kuuza maandazi mbele ya duka lake mwenyewe, na mimi nikakosa pa kuweka uso, kwa sababu nilikuwa najiuliza: ningesema lile neno nililofundishwa, ingekuwa tofauti? Isingekuwa. Lakini moyo hauambiliki.

Na yale magari mapya? Bajeti ilipita, ila embargo haisomi bajeti. Hayakufika.

Kwa hiyo siku moja mchana Peugeot nyeupe ikaingia mtaani ikisukumwa na watu wanne. Pampu ya maji imekufa. Mheshimiwa akashuka, jasho limechora ramani kwenye koti.

"Yasini, tafuta pampu."

"Hakuna, mheshimiwa. Maduka yamefungwa."

Akapandisha sauti ili mtaa usikie. "Gari yangu sheria haiikatazi! Soma kifungu!"

Mama Zulfa alikuwa anageuza maandazi. Hakuinua kichwa.

"Ni kweli, mheshimiwa, sheria haikatazi gari yako. Imekataza mutu wa kukuuzia."

Mheshimiwa akafuta jasho. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaisoma sheria yake. Akachukua mkoba wake kwenye kiti cha nyuma, akaondoka kwa miguu kuelekea Mutanga Nord, jua la saa nane, mwendo wote ule wa kupanda.

Sheria ile sijasikia kama ilifutwa. Ilichoka tu. Wakaguzi nao walikuwa na magari, nayo yakaharibika. Baada ya miezi mingi Mama Zulfa alivunja kufuli mwenyewe, mchana, akaanza upya na nusu ya nusu ya alivyokuwa navyo. Vilivyobebwa havikurudi. Hakuwahi kunilaumu, na chai aliendelea kuniletea.

Nilichojifunza, wakuu: usidhani ukimwonyesha mkubwa kosa lake atalirekebisha kosa. Atajirekebishia sheria. Mimi nilifungua boneti nikidhani naokoa mtaa, kumbe nilikuwa nawaonyesha mahali pa kujifunika.

Hata hivyo nisingesema tofauti. Ile chai ya Mama Zulfa nisingeweza kuimeza.

Haya, wa Dar, Nairobi, Goma, Kigali, leteni na vya kwenu. Kwenu walijisamehe kwenye sheria gani? Na wale mafundi humu, msinishambulie kuhusu ule ukanda wa baiskeli. Ulikuwa hauvuji.