Dorothea Hoekstra na Amina ya Haraka

Alizaliwa Dorothea Hoekstra mwaka 1941, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya Lynden, jimbo la Washington, kwa wazazi wa kanisa la Waholanzi. Kwao kila mlo ulifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na mwenye huzuni aliombewa kabla hajamaliza kusema. Dada yake Geesje aliombewa hivyo mwaka mzima, akazidi kunyamaza, mwisho akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili na hakurudi. Hapo wito ukamshika Dorothea: asomee saikolojia ya tiba mpaka udaktari, na imani yake asiiache mlangoni.

Mzee wa kanisa, Bwana Terpstra, alimcheka. "Dottie, Roho Mtakatifu ameshindwa na nini hata umtafutie msaidizi?"

"Hajashindwa, mzee. Ndiye anayenituma."

Mwaka 1968 alifika California, katika chuo cha Kikristo ambako asubuhi walisoma Maandiko na mchana waliwasikiliza wagonjwa, msimamizi akiwatazama kutoka chumba cha pili, nyuma ya kioo cha kuonea upande mmoja. Msimamizi wake, Daktari Imogene Prewitt, hakuwa mtu wa maneno matamu. Mgonjwa wa kwanza wa Dorothea alikuwa Wendell Voss, mkulima wa machungwa, ambaye mwanawe alikufa chini ya trekta alilokuwa akiliendesha baba mwenyewe.

"Nilisikia kishindo," Voss alianza, "nikadhani ni jiwe..."

Dorothea akamshika mikono, akaomba. Sala ilikuwa tamu. Voss akaitikia amina, akachukua kofia yake, akaenda. Juma lililofuata hakuja. Mkewe akapiga simu: mume wangu hali chakula, hapati usingizi.

"Umemfunga mdomo kwa amina," alisema Prewitt.

"Nilimwombea!"

"Ulijiombea wewe, binti. Uliogopa kusikia."

Dorothea akamkumbuka Geesje, na maneno yakamchoma. Angeweza kurudi kukamua ng'ombe. Badala yake alinyanyua simu.

"Bwana Voss, nilikukatiza. Nisamehe. Habari ya lile jiwe sijaisikia."

Voss akauliza: "Utaniombea tena?"

"Si kabla hujaniambia."

Alikuja. Akasimulia yote, hata yale ambayo mkewe hakuyajua. Sala ilimjaa Dorothea kooni, akaimeza. Ikapanda tena, akaimeza. Mwisho Voss akajifuta uso. "Sasa omba. Hapana, ngoja. Naomba mwenyewe." Kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalitaja jina la mwanawe: "Bwana, Teddy ni wako." Nyuma ya kioo, Prewitt alivua miwani.

Dorothea alipata udaktari wake, akafundisha mpaka nywele zikawa nyeupe, akafariki mwaka 2009. Wanafunzi wake husimulia kuhusu mwanamke aliyekuwa bubu kwa majonzi, ambaye Dorothea alikaa naye kimya majira yote ya baridi, na michungwa ilipochanua mwanamke yule akasema, "Nina njaa." Wengine huita muujiza, Dorothea aliita kazi.

Basi, mpendwa, ukimkuta anayelia, uzuie ulimi wako kwanza, umsikie mpaka mwisho. Amina haiozi kwa kungojwa.