Majivu ya Stima

Kila nikimwagia maji majivu moto ya jiko, ile harufu hunirudisha mtaani kwetu Mashimoni, siku wageni walipotuletea soda za bure na habari za mtambo wa kuzalisha stima ya nyuklia.

Mama, aliyekuwa akikaanga samaki kando ya mtaro, aliuliza, "Na majivu yake mtamwaga wapi?"

Mgeni mwenye tai akacheka. "Mama, hii haina moshi. Ni mabaki kidogo tu, na yatazikwa mbali."

"Mbali ni kwa nani?" Mama akaonyesha mtaro wetu mweusi. "Hata wale wa magorofa ya huko juu huambiwa choo chao kinaenda mbali."

Watu walicheka. Mama akaninyang'anya soda, akairudisha mezani pa yule mgeni. Nilikuwa nimeshakunywa nusu.