Mwaka Aliouficha Dobi

Dobi alikuwa mcheshi, ndiyo maana mkewe alichanganyikiwa alipoanza kunyamaza. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akirudi nyumbani na kisa cha siku: bwana harusi aliyesahau meno ya bandia kwenye mfuko wa suti, au mwalimu aliyeleta mashuka yenye madoa ya wino akaapa kuwa ni chai. Alikuwa akisimama mlangoni akivua viatu huku akiigiza sauti ya kila mmoja, na mkewe, karani wa shule ya msingi, alikuwa akicheka mpaka ashike mbavu.

Halafu visa vikakauka. Dobi akawa anaingia, anasalimia, anakula nusu sahani, analala na shati lake, uso ukutani. Mkewe alipomgusa bega alisema amechoka. Alisema amechoka mwezi mzima, kisha miezi mitatu, kisha mkewe akaacha kumgusa.

Mwanamke akiachwa na swali lisilo na jibu, hujitafutia jibu mwenyewe. Alipekua mifuko. Alinusa mashati, ingawa shati la dobi hunukia sabuni ya watu wote. Mwishowe akahamishia mto wake chumbani kwa binti yao, akisingizia mkoromo, na kwa karibu mwaka mzima mtu na mkewe waliishi kama wapangaji wa nyumba moja.

Jumapili moja mchana, binti akiwa uani anafua, mke alipiga moyo konde. Akaweka sahani mezani.

"Niambie jina lake tu," alisema. "Sitapiga kelele."

"Jina la nani?"

"La huyo mwanamke."

Dobi akasimama, akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, polepole, kama anayeshika nguo ya mteja mkali. Kifua kilikuwa kimevimba pande zote mbili. Matiti kabisa, kama ya msichana anayevunja ungo.

"Hakuna mwanamke," alisema. "Labda mimi ndiye ninayegeuka."

Alikusudia iwe mzaha, ila sauti ilimkatika njiani.

Ndipo mengine yakatoka. Kule kwenye duka la kufulia alikofanya kazi, chumba cha nyuma kilikuwa na mashine mbili, meza ndefu ya kupigia pasi na mvuke usio na pa kutokea, kwa hiyo wanaume wote watatu walifanya kazi vifua wazi. Alipoanza kuvaa shati kwenye joto lile, mwenzake waliyemwita Mapovu alimuuliza kama ameanza kunyonyesha. Wakacheka. Yeye naye akacheka, akajikaza kisabuni, na tangu siku hiyo hakuwahi kuvua shati mbele ya mtu.

"Na huku chini kuna jiwe," aliongeza. "Upande wa kulia. Haliumi. Nikasema, kitu kisichouma nitakipelekaje hospitali?"

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua za mwaka jana."

Mkewe alimfunga vifungo vya shati, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Siku hiyohiyo alirudisha mto.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka. Dobi alipomwona aliinuka kidogo kwenye kiti, lakini mkewe akamshika shati. "Kaa." Akakaa, akapimwa.

"Baba, matiti siyo ugonjwa wenyewe," daktari alisema. "Korodani ya kulia ina uvimbe, na uvimbe huo unamwaga homoni. Ndizo zilizokijaza kifua na kukuondolea hamu ya mkeo."

Mke aliinamisha kichwa. Mwaka mzima wa kumhukumu ulikuwa umejibiwa kwa sentensi moja, tena na mtu asiyewajua.

Korodani ilitolewa wiki ileile. Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu, na daktari akawaita wote wawili. Ni uvimbe wa nadra, aliwaeleza. Kati ya wagonjwa mia wa uvimbe wa korodani, wenye aina hii ni wawili, watatu. Walio wengi wakishafanyiwa upasuaji huwa wamepona. Wachache hurudiwa. "Wako ulikuwa mkubwa, na umeshaanza kuingia kwenye mishipa ya damu. Nitahitaji kukuona kila baada ya miezi mitatu. Usinikimbie."

Dobi alipotangulia nje, mkewe alibaki mlangoni. "Angekuja mwaka jana ingekuwaje?"

Daktari alivua miwani. "Mama, sijui. Wengine huja mapema na bado hurudiwa. Nikikwambia angepona nitakuwa nakudanganya, na nikikwambia haingebadilisha kitu nitakuwa nakudanganya pia."

Kwa karibu mwaka mambo yalikuwa mazuri. Dobi alirudi kwenye pasi yake, na visa vikarudi mlangoni. Alijiita mzani wa upande mmoja. Walikaa kwenye ngazi jioni wakila machungwa, bega kwa bega, kama watu waliofahamiana juzi.

Kipimo cha nne kilionyesha tezi zimevimba tumboni, karibu na uti wa mgongo. Wakampasua tena, safari hii kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu. Miezi michache baadaye ugonjwa ulikuwa mapafuni. Wakamtundikia dripu za dawa zilezile ambazo kwa saratani nyingine za korodani hufanya maajabu. Kijana wa kitanda cha jirani, mwenye aina ya kawaida, alinyonyoka nywele pamoja naye, akatapika pamoja naye, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima. Alikuja kuaga akiona haya, kana kwamba ameiba.

"Nenda, bwana," Dobi alimwambia. "Wewe ulipata ile inayouzwa kila duka. Mimi nimeshonewa ya kwangu."

Alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, mkewe akimkata kucha. Alikuwa amemaliza mkono wa kushoto. Akaendelea na wa kulia mpaka kidole cha mwisho, ndipo akamwita muuguzi.

Miezi miwili baadaye Mapovu alifika shuleni, ofisini kwa mjane. Alisimama mbele ya meza kama mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu, kofia mkononi.

"Shemeji, lile neno la kunyonyesha..."

"Aliniambia."

"Alisemaje?"

"Alisema kama angeambiwa mtu mwingine, yeye angecheka kwa moyo."

Mapovu alikaa bila kukaribishwa, akalia bila sauti. Alipotulia aliinamia sakafu, akasema kwamba yeye naye ana uvimbe, kulekule. Mwezi wa tatu sasa. Mkewe hajui.

Yule mama alifunga daftari la mahudhurio, akachukua mkoba.

Walikaa kwenye benchi lilelile la hospitali alilokaa na mumewe, chini ya tangazo lilelile la kunawa mikono. Mapovu alipoitwa aliingia kama anakwenda kunyongwa. Alipotoka alikuwa akitabasamu.

"Maji tu, shemeji. Maji yamejaa. Anasema watanifanyia upasuaji mdogo, basi." Akacheka mpaka alipoona uso wa yule mama.

"Namshukuru Mungu," mama alisema, na alimaanisha. Lakini maneno hayo mawili, maji tu, alikuwa akiyasubiri miaka miwili, na sasa yametolewa mlango uleule, kwa mtu mwingine.

"Nenda ukapangiwe siku," alimwambia. "Halafu leo umwambie mkeo, kabla hujala."

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi niache nikae kidogo."