Matunguu Yaliyooshwa kwa Sabuni

Baba yangu hakuwa mtu wa maua. Alikuwa mtu wa lori, na miaka yote niliyomfahamu alibeba mizigo ya watu kati ya mji wetu wa Koboko na mpakani, akirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kisha akastaafu, akakaa nyumbani wiki mbili akifunua kila sufuria kuuliza kunapikwa nini, na mama akamwambia atafute kazi iliyo mbali na jiko. Akavuka kwenda Congo, akarudi na mfuko wa matunguu ya gladiola. Kwa nini gladiola, hakuna aliyejua, na yeye hakuona sababu ya kueleza. Alisema tu kwamba ni maua yanayosimama wima, tofauti na watoto wake.

Yalisimama kweli. Kila mwaka mvua zikikolea, ua wetu wa mbele, ule unaoelekea barabara ya sokoni, ulijaa maua mekundu, yote mekundu. Waendesha boda walipunguza mwendo kuyatazama, jambo ambalo hawalifanyi hata mbele ya watoto wa shule. Mama alisema hadharani kwamba ni upuuzi, kwamba ardhi ile ingetoa bamia. Lakini jirani mmoja alipothubutu kusema hayo hayo, mama hakumsalimia mpaka Idi ilipofika.

Gladiola lina tabia moja ya kitajiri: linataka likizo. Mvua zikikatika mwishoni mwa mwaka majani yanageuka manjano, na tunguu linalala udongoni mpaka mvua zirudi. Ukiliacha humo, mchwa wa Koboko watalila na kukuombea dua njema. Kwa hiyo kila kiangazi baba aliyachimba, akayaweka mahali fulani, na mwezi wa tatu akayarudisha ardhini. Mahali fulani hapo ni wapi? Mimi, binti yake wa kwanza, msomi wa familia, mwalimu mwenye cheti ndani ya fremu, nilikuwa nimeolewa Arua miaka mingi na sikuwahi kuuliza.

Baba akafariki mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, kwa ugonjwa wa siku chache. Mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi mjane anakaa nyumbani kwake, hajipambi, hatoki bila haja. Hilo ni la dini na sina neno nalo. Neno ninalo na shangazi zangu, waliokuja kumsaidia mama kukaa, kana kwamba kukaa kunahitaji wasaidizi. Walishika sebule kwa zamu, na kila mmoja alikuwa amekuwa shehe kwa usiku mmoja. Mama asiguse jembe. Mama asisimame ua wa mbele, watu wa barabarani watamwona. Mama asicheke kwa sauti. Hilo la mwisho walilitimiza vizuri, maana hakuna kati yao aliyewahi kusema jambo la kuchekesha kwa makusudi.

Nilirudi Koboko kwa arobaini. Vitu vya baba viligawanywa siku hiyo: redio, saa, koti, viatu vyote viwili vya safari. Ndugu zangu wa kiume walichagua kwa huzuni kubwa na kwa haraka. Matunguu hayakutajwa na mtu. Watu walipoondoka, mama aliniita kutoka kwenye dirisha linalotazama ile bustani, ambapo majani yalikuwa yameshaanguka.

“Hii maua itakufa,” aliniambia. “Mchwa iko karibu. Wewe chimba, peleka Arua, weka vizuri. Siku mimi natoka eda, mvua nayo inakuja. Nataka kupanda na mikono yangu.”

Tangu mazishi sikuwa nimemwona akitaka kitu chochote. Alikula alipoambiwa ale, akalala alipoambiwa alale, na ukimuuliza kitu alikuangalia kwanza kama mtu aliyeamshwa. Hicho ndicho kitu pekee alichokitaka, na alikitaka kwangu. Nikasema, “Sawa, mama,” nikachimba matunguu arobaini na mawili huku yeye akihesabu dirishani na shangazi wakihesabu mlangoni. Sikuuliza baba alikuwa anayahifadhi vipi. Nilikuwa na simu.

Nyumbani kwangu ni Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua, kwenye boma moja na mama mkwe. Mume wangu ni Mwislamu na mama yake ni Mkatoliki wa kila Jumapili kanisani Ediofe, kwa hiyo boma letu linakula Idi na linakula Krismasi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nilikaa kivulini nikafungua simu, nikamkuta mwanamume mmoja mwenye koti zito akieleza jinsi ya kuhifadhi matunguu yasigandishwe na barafu. Kuhusu barafu nilimwondolea wasiwasi mapema. Kisha akasema tuyasafishe. Sisi ni Wanubi, na kwa binti wa Kinubi neno hilo linatosha, sikungoja mengine.

Lazima nieleze. Mama yangu alitulea kwa kanuni kwamba kitu chenye udongo hakivuki kizingiti. Kwetu ua unafagiliwa kabla mtu hajasalimia mtu, sufuria zinasuguliwa hata chini mahali ambapo moto tu ndio unapaona, na mgeni akiacha alama ya mguu anasubiriwa aondoke kwa heshima zote, kisha panapigwa deki. Basi nikajaza beseni maji, nikatia sabuni ya unga, nikayaosha matunguu ya baba moja moja. Nikayachuna yale maganda makavu yaliyokuwa yananikera. Nikayasuuza mara mbili. Yaling'aa. Nilijisikia binti mwema.

Mama mkwe alisimama na kuni zake kichwani akanitazama. Kiswahili ndicho lugha yetu ya katikati, maana nikisema Kilugbara chake anacheka mpaka tunashindwa kuendelea.

“Mtoto wa Koboko,” akasema, “wewe unaosha mbegu? Na sabuni?”

“Mama, hii si mbegu ya mtama. Hii ni maua.”

“Maua haina uhai?”

Nilimweleza kwa upole, kwa sauti ninayotumia darasani kwa wale wa nyuma, kwamba mambo haya yana utaalamu wake. Yeye huhifadhi mbegu zake zote juu ya kichanja cha jikoni, juu kabisa ya moto, mahindi na mtama na maboga, vyote vyeusi kwa masizi hadi huwezi kujua ni nini. Nilikuwa nimelitazama kwa miaka mingi lile paa la jiko lake na kumshukuru Mungu kwamba jiko langu ni tofauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu. Kisha akaangalia ndani ya kikapu, chini kabisa, ambako yalibaki madogo tisa niliyokuwa sijayafikia, bado yana udongo.

“Nipe mimi hii,” akasema. “Niweke kwa moshi. Kama imekufa, imekufa.”

Nikampa ili aniache. Yale thelathini na matatu yaliyo safi niliyaacha juani saa moja hivi, nikayatia kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kwa ajili ya panya, nikakikandamiza kifuniko mpaka kikalia, nikaisukuma ndoo chini ya kitanda. Panya hawakugusa hata moja. Nataka hilo likumbukwe.

Kila Ijumaa baada ya swala mama alinipigia. Hakuuliza habari za wajukuu, hakuuliza habari za kazi. “Maua iko namna gani?” Nami nikajibu, “Iko sawa, mama,” nikiwa nimekaa juu ya kitanda hicho hicho. Akasema alhamdulillahi, akakata. Ndivyo tulivyoenda mpaka katikati ya mwezi wa pili, mume wangu alipouliza kama kuna kitu kimefia chumbani.

Nilitoa ndoo nje, nikafungua. Sitaeleza sana. Kulikuwa na uji, na juu ya uji kulikuwa na manyoya ya kijivu. Niliingiza mkono nikitafuta hata moja lililo gumu, nikazungusha mkono ule mpaka chini, nikatoa mkono mtupu. Nikakaa chini hapo hapo nikalia kwa sauti. Sikulia hivyo kwenye mazishi. Kule nilikuwa nahesabu sahani za wageni. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani, na sehemu mbaya zaidi ya aibu ile ilikuwa kwamba mama mkwe hakunicheka. Alimwaga ile ndoo mwenyewe kwenye migomba, akaisuuza, akaniletea chai.

Ijumaa iliyofuata mama akapiga. “Maua iko namna gani?”

“Iko sawa, mama.”

Mpaka hapo nilikuwa mjinga tu. Kuanzia Ijumaa hiyo nikawa mwongo, na nilikuwa hodari zaidi katika hilo kuliko katika bustani. Mama mkwe akanipeleka Ediofe kwa mzee mmoja anayetunza maua ya altare. Nikamweleza shida yangu, mimi na hijabu yangu katikati ya bustani ya masista, naye akanijazia mfuko wa matunguu ya gladiola bila kuuliza ninasali wapi. Nilimuuliza ni ya rangi gani. “Sijui,” akasema. “Ikitoka, utaona.” Nikahesabu thelathini na matatu, nikaongeza yale tisa ya kichanja, nikapata arobaini na mawili kamili. Kwa hesabu, mimi ni mwalimu mzuri.

Eda iliisha katikati ya mwezi wa tatu. Mama alioga, akavaa nguo mpya, dua ikasomwa, watu wakala, na shangazi zangu wakarudi makwao wakiwa wamechoka kwa kukaa. Kesho yake asubuhi, ardhi ikiwa na unyevu wa mvua ya kwanza, mama alitoka mlango wa mbele akiwa na jembe. Watu wa barabarani walimwona, na hakuna aliyezimia. Akapiga magoti kwenye bustani, akanyoosha mkono bila kuniangalia. Nikampa kikapu.

Hakuhesabu. Alilichukua tunguu la kwanza, akaliweka puani, akaliweka pembeni. Akachukua la pili, akanusa, akaliweka upande mwingine. Alifanya hivyo kwa yote, taratibu, nami nimesimama nyuma yake nikijua kinachofanyika. Mwishoni kulikuwa na mafungu mawili chini.

“Hii tisa ni yake,” akasema. “Hii ingine ni ya nani?”

Sikuwa na darasa wala sauti ya darasani. “Umejuaje, mama?”

“Hii iko na moshi. Baba yako alikuwa anatundika jikoni kwangu, juu ya moto, na udongo yake. Kila kiangazi mimi napigana na yeye. Namwambia, toa uchafu yako hapa. Yeye ananyamaza tu.” Akageuka. “Ya wewe uliweka wapi?”

Nikamwambia. Ndoo, kifuniko, mzee wa Ediofe, yote.

“Uliosha?”

“Niliosha.”

“Na sabuni?”

“Na sabuni, mama. Nikasuuza mara mbili.”

Akacheka. Alicheka kwa sauti, barabara nzima ikasikia, akajishika mbavu, na kabla sijajua kama naruhusiwa kucheka naye nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Nilipiga magoti karibu yake. Nilitaka kumshika nikaogopa kumshika. “Hii nimekufundisha mimi,” akasema, na akajifuta uso kwa nyuma ya mkono, udongo ukabaki shavuni.

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nilidanganya kwa sababu sikutaka aumie.

“Kila Ijumaa unaniambia iko sawa,” akasema. “Ijumaa hiyo mimi nalala. Siku ingine yote silali.”

Akalisogeza pembeni fungu la Ediofe. Alichimba mashimo tisa kwenye mstari, mbali mbali, kana kwamba bustani nzima ilikuwa ya hayo tu. Akaweka tunguu la kwanza, ncha juu, akalishikilia bila kulifunika.

“Sasa sema tena,” akaniambia. “Ya ukweli. Maua iko namna gani?”

“Tisa iko, mama,” nikasema. “Thelathini na tatu imekufa.”

“Ehe,” akasema, akalifunika.