Kaka wa Katuni Aliyepata Kazi Hola

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nilimfuta maiti kwenye kaseti, jamani, na almanusura nizikwe mimi!

Mimi ni binti, kifungua mimba. Wazazi wetu hawapo, na shule niliiacha darasa la sita ili niwalee wadogo zangu, Komora na Mwanajuma. Hapa Garsen naendesha deki katika kibanda cha video cha tajiri mmoja.

Wadogo zangu walikuwa wamepagawa na katuni moja ya Kijapani, ya giza tupu: mashetani, damu, na kaka mkubwa anayewalinda wadogo zake mayatima. Mnaona balaa linakotokea?

Msimu wa mwisho ulitufikia kutoka Mombasa. Shabiki mmoja huko alikuwa ameubana wote katika kaseti moja: kaurekodi kwa mwendo wa polepole ili utepe utoshe, nyimbo kazikata, picha imejaa chenga. Niliitazama kwanza peke yangu. Lo! Kaka anafia darajani.

Nikasema hapana, wangu hawaoni hili. Kibandani kuna deki mbili. Nikarekodi upya, nikaubana kumshinda yule wa Mombasa: kifo nikakiruka chote.

Siku ya kuonyesha, kaka akaingia darajani. Mara wadogo zake wanakula wali! Kijana mmoja Mworma, mteja wetu, akapaza sauti: "Dada, kaka mkubwa yuko wapi? Kaliwa na mamba?"

Kijapani hakuna anayekijua, kwa hiyo mfasiri ni mimi. "Amepata kazi Hola," nikajibu, "kwenye skimu ya umwagiliaji."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Komora na Mwanajuma tu ndio waliokaa kimya. Nikadhani wameridhika. Mjinga mimi!

Wiki ile ile deki moja ikaharibika, tajiri akanituma Hola kwa fundi. Wadogo walikuwa shuleni. Nikamwambia jirani, "Mama Fatuma, waambie nimekwenda Hola, kuna kazi." Fundi akachelewa, gari la kurudi nikalikosa, nikalala huko.

Kesho yake nafika nyumbani: mikeka uani, wanawake wameketi, Mama Fatuma anawabembeleza wadogo zangu, wala hawamsikii. Komora macho yamevimba. Mwanajuma amevaa viatu vyangu vya Idi!

"Nani amekufa?" nikauliza.

Mwanajuma akapiga ukelele. Komora akanifinya mkono kuhakikisha ni nyama, kisha akafoka: "Mama alipata kazi Hola! Kaka wa katuni akapata kazi Hola! Na wewe pia! Hiyo skimu huajiri wafu tu?"

Nikaketi mkekani. Mama alipofariki walikuwa wadogo mno, nikawaambia hivyo hivyo. Ukweli wakaja kuusikia kwa watu. Uongo wangu ni mmoja tu, nami nikautumia mara mbili!

Jioni ile nikawawekea kaseti ya Mombasa, nzima. Kaka akafa, na chenga zake. Wao walitazama hadi mwisho. Aliyelia ni mimi. Mwanajuma akanipangusa machozi: "Nyamaza, dada. Huyu angalau tumemwona akienda."

Enyi mnaolea wenzenu, aliyekufa semeni amekufa! Mimi sasa siendi Hola bila Komora kunisindikiza hadi garini na kumhoji dereva. Na vile viatu vya Idi sijarudishiwa. Mwanajuma anasema marehemu hadai.